Breki Ziligoma Mlima wa Soni

Mume wangu alipopata kiharusi, wakopeshaji hawakusubiri apone. Marejesho yalikuwa ya kila wiki, na mkopo wenyewe ulikuwa wa aina ile tunayoiita kausha damu. Nikachukua ufunguo wa gari, Toyota Hilux ya miaka ya tisini, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8. Kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na peasi kutoka Lushoto hadi Mombo. Anayeijua barabara hiyo hahitaji maelezo. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Mombo iko karibu mita elfu moja chini yake, na katikati kuna kona za Soni, ukuta wa mlima huku, korongo kule.

Breki zilianza kunisumbua taratibu. Kona ya kwanza zinashika vizuri, ya pili hivi hivi, ya tatu pedali inagoma. Nakanyaga hadi nainuka kitini, gari linazidi kuteremka na mzigo wote mgongoni.

Vijana wa gereji waliniambia, “Mama, hili gari linataka mguu wa kiume.” Walicheka wenyewe. Wakabadilisha pedi, wakatoa upepo, mwisho wakafunga masta silinda mpya. Kila mara nililipa, na kila mara mlima ulinirudishia jibu lilelile. Hela ya masta silinda ilikuwa ya marejesho, kwa hiyo wakopeshaji wakaja kubeba televisheni na friji mchana kweupe, majirani wakitazama. Nikaacha kupakia. Tulikula mboga zetu wenyewe, na karo ya shule nikaiombea muda kwa mwalimu mkuu.

Aliyefungua njia ni mume wangu. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini udereva haukumtoka kichwani. Jioni moja akaniuliza, “Inazama au inagoma?” Nikamwambia inagoma. Akasema polepole, “Basi si mafuta ya breki.”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba breki dhaifu haziwi za namna moja. Pedali ikiwa laini na inanesa, kuna hewa kwenye mafuta. Ikishikiliwa ikazama taratibu, mafuta yanavuja, au masta silinda inayapitisha kwa ndani. Ikiwa sawa asubuhi kisha ikaishiwa nguvu mlimani pamoja na harufu ya kuungua, breki zimepata moto. Ya kwangu ilikuwa ngumu hata magurudumu yakiwa ya baridi, mradi nikanyage mara mbili tatu mfululizo. Hiyo ni dalili ya busta, lile duara kubwa jeusi nyuma ya masta silinda linaloongezea mguu nguvu, au ya kile kinacholilisha busta.

Fundi mmoja mzee wa Korogwe, mtu wa dizeli tangu ujana wake, aliipokea shikamoo yangu bila kugusa spana. “Zima gari, mwanangu. Kanyaga kanyaga mpaka iwe ngumu. Usiondoe mguu. Sasa washa.” Injini ikiwaka, pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Yangu haikushuka. Akachomoa mpira unaoingia kwenye busta, injini ikiunguruma polepole, akanitaka nizibe tundu kwa kidole gumba. Ulinivuta kwa unyonge. Alipoongeza mafuta, mvuto ukapanda kidogo.

Akanieleza huku akikagua. Gari la petroli hupata mvuto huo bure, kwa sababu hewa yake hupita kwenye kilango kinachobana dereva akiachia mafuta. Dizeli ya zamani kama hii haina kilango hicho, ndiyo maana hupewa pampu yake ya kuvuta hewa. Kwenye 3L pampu imekaa nyuma ya altaneta, inazungushwa na shafti ileile, inalainishwa kwa oili ya injini. Mpira haukuwa na ufa, valvu yake ilipitisha upande mmoja tu, mkanda ulikaza na chaji ilikuwa nzuri. Ikabaki pampu. Alipoifungua, mapanga yake madogo yalikuwa yameisha na ukuta umechimbika. Busta lilikuwa zima muda wote, likiishiwa akiba kila baada ya kukanyaga mara chache. Na gia namba mbili ilikuwa imeniokoa mara mbili bila mimi kujua: ililizuia gari, na kwa kuzungusha injini kwa kasi ikaipa pampu uhai kidogo. Ningeteremka na gia huru, sijui nani angeandika haya.

Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mzee aliyekubali nilipe kwa mafungu. Altaneta ya mtumba pamoja na pampu yake ililetwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Tukapima mvuto kwa gumba, kisha kwa pedali, ndipo nikapakia. Siku ile Soni nilikanyaga kona hadi kona, mguu uleule wa kike, na gari likatii.

Mkopo ule umekwisha. Friji haijarudi. Pampu nayo inavuja oili kidogo, kwa hiyo kila asubuhi napima oili kabla ya kuwasha, na nimeshaagiza sili.