Vikombe vya Kahawa Upande wa Kushoto

Siku ya kwanza kuingia sebuleni kwa Ami, mjini Reading, Novemba 1989, nilizitafuta spika zake nisizione. Wenzangu wa chuo walikuwa wameshaniambia kwamba mzee huyu wa Kiunguja ana muziki si mchezo, nami nikajua nitakuta makabati marefu kama yale ya harusi za kwetu Ngamiani, Tanga, ya kubebwa na vijana wawili. Nilichokikuta ni visanduku viwili vya mbao, urefu sentimita 30, upana 19, vimekaa juu ya stendi za chuma mbali na ukuta.

“Shikamoo, ami. Spika ziko wapi?”

“Marahaba. Unazitazama, mwanangu. Kaa kiti kile.”

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu muziki mzuri ulikuwa muziki mnene, na besi isiyokugonga kifuani haikuwa besi. Baba alikuwa na redio kaseti moja ndogo, na kaka yangu, ambaye hakuwahi kusoma ufundi popote, aliichomoa spika yake akaifunga kwenye mdomo wa mtungi wa maji. Mtungi ukavuma. Sauti ya Shakila na kundi la taarab la Black Star ikatoka imejaa, majirani wakaja kutazama kuna nini, na mama akadai mtungi wake kwa wiki nzima. Hayo ndiyo masikio niliyokwenda nayo Uingereza.

Ami akatia kaseti. Ilikuwa kanda aliyoirekodi mwenyewe mwaka 1979, alipokwenda likizo Unguja na kinasa sauti cha stirio na maikrofoni mbili. Nduguye, ambaye sasa ni marehemu, anapiga udi barazani, mtaa wa Malindi. Nikasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Moyoni nilikuwa nasema: besi iko wapi?

“Umemsikia muuza kahawa?” Ami akauliza.

“Muuza kahawa yupi?”

“Anapita nyuma ya kaka, anagonga vikombe. Upande wa kushoto.”

Akairudisha kanda. Sikumsikia. Akairudisha tena, nikasema nimemsikia, ili yaishe. Akanitazama tu, akaenda kupika chai.

Spika zile zinaitwa LS3/5a. Hazikubuniwa na kampuni ya biashara. Wahandisi wa BBC ndio walizitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu walihitaji spika ya kuingia kwenye gari dogo la matangazo ya nje, mahali ambapo fundi amebanana na mitambo yake na hana nafasi ya kabati. Kazi yake kubwa ilikuwa kumwambia fundi ukweli kuhusu sauti ya mtangazaji. Shirika likatoa leseni kwa kampuni kadhaa, na za Ami zilikuwa za Rogers, alizozinunua mwaka 1978 kwa akiba ya miezi mingi ya kazi yake ya ufundi umeme.

Jumamosi moja alinifungulia mojawapo. Alibandua kitambaa cha mbele, akalegeza skrubu za ubao, akautoa ubao wote pamoja na spika zake mbili. Wufa, ile ya sauti nzito, ni B110, ya KEF kutoka Kent, koni yake ni ya plastiki iitwayo Bextrene, imepakwa dawa ya kuituliza. Twita, ile ya sauti nyembamba, ni T27, nayo ya KEF, kikuba cha milimita 19 nyuma ya kofia ya chuma yenye vitundu, kimezungukwa pande zote nne na vipande vya sufu nzito ili sauti isiruke kwenye kingo za sanduku. Nilidhani sanduku la spika bora lazima liwe zito kama jiwe. Hili ni la mbao nyembamba, milimita 12 tu, zimebandikwa lami kwa ndani. Wahandisi wale walitaka mbao zitetemeke kidogo na kwa upole, mahali ambapo sikio halikereki, kuliko kuzibana zikapiga kelele mahali pabaya. Besi ya chini kabisa waliiacha, maana sanduku dogo kiasi kile haliwezi kuitoa. Badala yake waliiachia sauti inyanyuke kidogo juu ya hezi 100, na sikio likaamini kwamba besi ipo.

Nilipoelewa hivyo ndipo nikaacha kuidai.

Nilikwenda kwake kila Jumamosi miaka mitatu, na siwezi kutaja siku masikio yangu yalipogeuka. Nakumbuka tu sahani ya Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya Unguja, iliyotolewa London na GlobeStyle mwaka 1988. Klabu yenyewe ni ya tangu 1905, na nyimbo zao nilizijua kupitia redio. Kwa Ami nai ilikuwa na mtu nyuma yake: kwanza pumzi, kisha sauti, na kati ya hivyo viwili upo upenyo mwembamba sana ambao redio ya nyumbani iliuziba siku zote. Fidla hazikuwa tena ukuta mmoja. Walikuwa watu kadhaa, na sikuzote mmoja wao alichelewa kidogo kuinua upinde. Majira ya kuchipua mwaka 1990 nilivisikia vikombe vya muuza kahawa. Sikumwambia Ami. Aliona mwenyewe nilivyogeuza shingo kushoto.

Lakini sikubaliani na wanaosema spika hizi zinafaa kwa kila kitu. Muziki wa dansi wenye ngoma nzito na magitaa matatu unazilemea. Zinahitaji kusukumwa, maana wati moja inatoa desibeli 82 au 83 tu kwa umbali wa mita moja, na ukizidisha unaunguza kitu. Harusi bado nataka yale makabati ya vijana wawili.

Ami alifariki mwaka 2006. Mwanawe akanikabidhi spika, amplifaya ya Quad, na kaseti ile. Mwaka 2009 nikarudi nazo Tanga.

Ilikuwa balaa. Sebule yangu ni ya matofali ya saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya vioo, dari ngumu. Zile zile zilizokuwa zikizungumza kwa upole Reading, kwenye chumba chenye zulia la ukuta kwa ukuta na makochi ya sponji nene, sasa zilikuwa zikipayuka. Herufi “s” ilichoma. Nikasimama katikati ya chumba nikapiga kofi, na kofi likanirudia mara tatu likilia kama waya. Hapo nikajua kosa si la spika. Niliongeza busati, mapazia mazito, na rafu ya vitabu nyuma ya kiti. Kila nilipoleta kitu nilipiga kofi tena, hata mke wangu akazoea. Stendi nikazisogeza mbele vigae vinne kutoka ukutani, nikaziwekea alama ya chaki, kwa kuwa siku za kudeki lazima zihame.

Kisha mwaka 2013 twita ya kushoto ikafa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo wakati amplifaya imewashwa. Fundi mmoja wa mjini akaniwekea nyingine iliyolingana kwa umbo, akaniapia kuwa ni sawa. Nikaweka kaseti. Udi ulivutika kulia na vikombe havikuwepo kabisa. Spika hizi huuzwa kwa jozi iliyopimwa pamoja kiwandani, na ukibadilisha kipande kimoja ovyo jozi imevunjika. KEF walikuwa wameacha kutengeneza twita hizo mwishoni mwa miaka ya 1990, hivyo kwa miezi kumi na mmoja nilitafuta T27 halisi iliyokwisha kutumika, mpaka jamaa wa Reading akaniletea ndani ya soksi ya sufu.

Niliifunga mwenyewe, usiku, watoto wamelala. Nikazima feni ili pasiwe na mvumo wowote, nikafunga na dirisha la barabarani. Udi ukakaa katikati. Vikombe vikaja, kushoto, mahali pake, vikisogea polepole kutoka mbali. Vikasimama. Na hapo, chini ya udi, mahali ambapo miaka ishirini na zaidi nilidhani ni mchakacho wa kanda, mtu mmoja akasema kwa sauti ya kuficha, asimkatize mpigaji:

“Tia viwili. Kimoja cha kaka.”

Ilikuwa sauti ya Ami. Nikanyoosha mkono, nikairudisha kanda.