Kanda ya Mama

Sisi tumezaliwa wasichana watatu, na sote sasa ni akina mama wenye watoto. Mama yetu alipotwaliwa na Bwana, alituachia kanda moja ya kaseti. Upande wa kwanza kuna kwaya. Upande wa pili yeye mwenyewe anawaombea wajukuu wake, mmoja mmoja kwa jina. Tunaisikiliza kila mwaka kwa Walkman yake kuukuu.

Mwaka huu sauti yake ilitoka nzito, ikiburuta kama ya mwanamume. Mjukuu mdogo, aliyezaliwa baada ya msiba, akauliza, "Bibi alikuwa mgonjwa?" Tuliitoa kanda upesi. Mashine mbovu hula utepe, na kanda hiyo haina ya pili.

Tulianza na yaliyo rahisi, tukijaribia kanda nyingine tusiyoihitaji. Penye betri tulikuta unga mweupe. Tuliupangusa kwa pamba yenye siki kidogo, tukakausha, tukatia betri mpya mbili. Kisha kwa pamba na spiriti tulisafisha kile kichuma kinachogusa utepe, ambacho mafundi hukiita hedi. Pamba ikatoka na uchafu wa kahawia. Sauti ikawa safi, ila mwendo ukabaki wa kobe.

Basi tukaenda kwa fundi. Alifungua mgongo, akatuonyesha mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, umelegea kwa uzee. Utepe hupaswa kupita karibu sentimeta 4.8 kila sekunde. Mpira ukilegea, mwendo hupungua na sauti huwa nene. Akatia mwingine.

Siku hiyo tulimwita yule mdogo asikilize mpaka mwisho, kwa kuwa hapo ndipo Bibi anapowaombea wajukuu ambao hawajazaliwa. Alitabasamu, akasema, "Huyo ni mimi."

Akina mama wenzetu, Walkman ya kwanza iliuzwa Japani mwaka 1979, na mashine hizi zinazidi kuadimika. Kama mna kanda ya namna hiyo, vunjeni vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake, mtu asije akarekodi juu yake. Kisha nakilini sauti kwenye simu mapema. Paulo alimkumbusha Timotheo imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Watoto wetu nao wanahitaji kujua ni nani aliyewaombea.