Karani Aliyenivusha

Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya vijana wanaoandika programu katika ofisi ambazo kazi yake kuu si kompyuta. Mimi ni mmoja wao. Walioniajiri hapa Nairobi ni mawakili, nami natunza programu za ofisi: kumbukumbu za kesi, ankara, na hesabu za fedha za wateja, ambazo sheria inakataza zichanganywe na fedha za ofisi.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, mahakama zilipunguza shughuli, kafyu ikaanza tarehe 27, na mishahara yetu ikakatwa nusu. Mwenzangu niliyekuwa naye kitengoni aliachishwa kazi, nikabaki peke yangu. Aprili Nairobi ikafungwa, na Kwale nako vilevile, ambako mama yangu alikuwa akiugua kisukari. Sikuweza kwenda kumwona. Simu haikukoma kulia usiku: wakili huyu hafungui faili, yule mteja wake anadai ankara. Kuna usiku nililia kwa uchovu, mke wangu akaniwekea uji mezani, akakaa nami mpaka nikamaliza kazi.

Mzigo ukazidi tulipoambiwa kwamba kuanzia tarehe 1 Julai hati za kesi Nairobi zitawasilishwa kwa njia ya mtandao. Faili zilikuwa rafuni, mawakili majumbani. Ofisi ikataka programu ya kuhesabu siku na kumkumbusha kila wakili tarehe zake. Jambo hilo si dogo: siku za kuwasilisha utetezi zikipita, mteja anaweza kutolewa hukumu bila kusikilizwa. Kuandika programu nilikujua. Mahakama inavyohesabu siku sikujua, na mawakili hawakuwa na nafasi ya kunifundisha.

Nikampigia karani wetu wa masjala, mzee aliyetumikia miaka mingi akipeleka faili katika Mahakama za Milimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chukua kalamu, mwanangu."

Akanieleza taratibu. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Muda uliowekwa ukiwa chini ya siku sita, Jumapili na sikukuu hurukwa. Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo ofisi ya mahakama imefungwa, husogea hadi siku inayofunguliwa. Na kuanzia Desemba 21 hadi Januari 13, siku za kuwasilisha hati za madai husimama. Yote hayo yamo katika Amri ya 50 ya kanuni za kesi za madai za mwaka 2010, lakini yeye aliyajua kwa kurudishiwa hati dirishani.

Alikuwa na daftari lenye tarehe za kesi za zamani. Kila jioni alinisomea moja, naingiza, programu inatoa jibu, naye analinganisha na muhuri wa mahakama. "Hapana, hapo katikati pana Ijumaa Kuu," aliniambia mara moja, nami nikarekebisha. Nami nikamfundisha kwa simu kuskani hati na kulipia ada kwa M-Pesa, kazi aliyoiogopa sana mwanzoni.

Mwaka ule hakuna wakili wetu aliyepitwa na tarehe. Mishahara ilirudi baadaye, na njia zilipofunguliwa nilifika Kwale nikamkuta mama ana nafuu.

Kijana mwenzangu, kama umebaki peke yako na programu isiyoeleweka, usijifungie na kompyuta. Mtafute aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono kabla yako, umheshimu, umuulize, uandike anayokwambia. Nanyi waajiri, msimtwike mtu mmoja ofisi nzima. Na siku mkilazimika kupunguza watu, msianze na karani wa masjala. Anayoyajua huyo hayamo katika kompyuta yoyote mpaka mtu akae naye ayaandike.