Saa za Angani na Saa za Mlangoni

Chukua ramani upige mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi kile cha Kilimanjaro. Mstari huo utakatiza baina ya Handeni na Korogwe, Handeni ikibaki kushoto na Korogwe kulia. Ni kilomita zipatazo 450, nazo ndege huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Sisi tulio chini hatuhesabu hivyo. Baina ya miji yetu hii miwili pana kilomita kama 55 kwa mstari ulionyooka, na 65 kwa barabara; nami kabla ya lami, masika yakiwa yamechachamaa, nimepata kuzimaliza hizo 65 kwa kutwa nzima. Ndiyo maana wazee wetu aghalabu hawaulizi ni umbali gani. Huuliza utafika lini.

Mwaka juzi shemeji yangu alifariki dunia huko Handeni. Mwanawe, mpwa wangu, anafanya kazi London. Alipopigiwa simu alijibu kwamba kuja Dar es Salaam ni safari ya saa 10. Hakusema uongo: kati ya miji hiyo pana kilomita karibu 7,500, na ndege kubwa za abiria huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Wazee wakahesabu saa 10 tangu simu ilipokatwa, wakaamua maziko yawe kesho yake alasiri.

Lakini saa zile zilikuwa za angani tu. Hazikuwamo za kutafuta tiketi, wala za kuwahi kiwanjani, wala za kungoja Addis Ababa abadili ndege, wala za basi la kupita Chalinze na Mkata. Tiketi yenyewe nayo ni fumbo, maana huandikwa saa ya pale ndege inapoondokea na saa ya pale inapotua. Ndege ikiondoka London saa mbili usiku, majira ya baridi, ikatua Addis Ababa saa moja asubuhi, utahesabu saa 11. Kumbe saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa 3, na abiria amekaa angani saa 8 tu. (Majira yao ya joto tofauti hiyo hupungua ikawa saa 2, na hapo ndipo hata wasomi hupotea.)

Kijana alifika siku ya tatu, magharibi, akaonyeshwa kaburi. Hakumlaumu mtu. Mdogo wake wa kike ndiye ashikiliaye hadi leo kwamba ingefaa angojwe. Mimi siwatii wazee hatiani, kwani maiti hawekwi kwa kubahatisha. Ila hakuna aliyeuliza saa ya kufika Handeni.

Siku hizi dada yangu, akiambiwa na yeyote wa ng'ambo kwamba anakuja, humtaka ahesabu kwa sauti simuni: kiwanja, ndege, kungoja, ndege ya pili, basi, na pikipiki ya kutoka stendi hadi mlangoni. Mara ya mwisho hesabu ilifika saa 31, naye akaiandika ukutani kwa mkaa.