Kabla ya usukani, tafuta kiti

Wasee, tangu niweke ile video mnaniuliza kitu kimoja tu: hiyo rigi ya magari ilikula ngapi? Jibu fupi ni elfu 46 na mia tano. Jibu refu ni kwamba hizo pesa zilikuwa na kazi nyingine, na mathe alikuwa anaijua hiyo kazi vizuri sana.

Karo. Nilitoka chuo mwaka wa pili, na tulikubaliana nyumbani kwamba nitakuwa nakata video za harusi za watu, niweke akiba, nirudi. Mathe aliongeza elfu 15 zake za chama. Akiba ikafika. Mimi sikurudi. Wacha nisijitetee saa hii, tuongee rigi kwanza, hiyo stori nyingine itajileta yenyewe.

Nilianza na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: nilinunua usukani kabla ya kitu kingine chochote. Logitech G29 ya mkono wa pili, elfu 29, kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama. Ni mashine nzuri, sitakudanganya. Inazunguka nyuzi 900, yaani mara mbili na nusu kama gari la kawaida, na ndani kuna mota mbili zinazosukuma gia ili usukani ukupiganie mkononi. Nikaufunga kwenye meza yangu ya kusomea, nikaweka kanyagio chini, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Kona ya kwanza nikakanyaga breki, kiti kikateleza kinyumenyume hadi kitandani. Meza nayo ikanifuata.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho wale jamaa wa kubishania mota mtandaoni hawakuambii. Ati G29 inatoa takriban nyutonmita 2 tu, na Fanatec CSL DD, ambayo mota yake imeshikana moja kwa moja na usukani bila gia wala mkanda, inaanzia 5. Ni kweli, na tofauti unaihisi. Lakini nyutonmita 5 ukiwa umekalia plastiki ni kujitafutia ajali chumbani. Breki inataka nguvu, na nguvu inataka mgongo uwe na mahali pa kuegemea.

Kwa hivyo nikaenda Grogon, pale Kirinyaga Road, nikapata kiti cha Vitz, upande wa dereva, elfu 4. Ukienda, dai kiti na reli zake za chini, usikubali kuuziwa bila reli, maana hizo ndizo zitakuwezesha kukisogeza mbele na nyuma. Nikakibeba kwa bodaboda hadi Kariobangi kwa fundi wa kuchomelea. Aliniangalia, akaangalia kiti, akauliza kama nafungua kinyozi. Nilikuwa nimepima Vitz ya jirani kwa futi: kutoka kiti hadi kanyagio, kutoka kifua hadi usukani, kila kitu. Vyuma vya mraba, bolti na kazi vikawa elfu 7 na mia tano. Gia ya mkono nikaipata kwa elfu 5, nikamwambia aiweke kushoto. Huku kwetu usukani uko kulia, na mimi nilitaka mkono wangu ujifunze gari za huku. Shida ni kwamba gari nyingi za kwenye michezo zina usukani kushoto, kwa hivyo nakaa kulia, naona kushoto. Nilizoea baada ya wiki. Elfu moja iliyobaki iliishia kwenye mbao na vipande vya tairi kuukuu, vile vya kutengenezea akala, nikaviweka chini ya miguu ya rigi. Gia za G29 zinagonga, na jirani wa chini ana mtoto mchanga.

Sasa kuna kitu cha bure kabisa ambacho wengi hawakigusi: macho. Skrini yangu ni inchi 24, upana wake kama sentimita 53. Iko sentimita 60 kutoka usoni. Ukipiga hesabu, kwa umbali huo skrini inajaza nyuzi 48 hivi za macho yako. Basi mchezo nao unafaa ukuonyeshe nyuzi 48. Mimi nilikuwa naonyeshwa zaidi ya 80, na ndiyo maana kila kona ilionekana iko mbali kisha inanirukia ghafla. (Ukitumia Assetto Corsa, inapima kwenda juu, si kwa upana, kwa hivyo namba yangu huko ni 28.) Nilipoirekebisha niliona kama natazama kupitia dirisha la choo. Kasi ikaonekana imepungua, vioo vya pembeni vikapotea. Lakini kona zikakaa pale zinapostahili kukaa.

Na usiongeze nguvu ya usukani hadi mwisho ukidhani ndio uhalisia. Mota ikifika kikomo chake, kona ya wastani na kona kali zinahisika sawa tu, na zile habari ndogo ndogo za tairi kuanza kuteleza zinapotea. Punguza hadi uzisikie.

Breki ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kanyagio la G29 linapima limeshuka kiasi gani. Zile za bei kali zina kihisi kinachopima umekanyaga kwa nguvu gani, na mguu hukumbuka nguvu kuliko umbali. Sikuwa na hizo pesa. Nilichomeka kipande cha raba ngumu, nikajifunza upya.

Halafu Jumamosi moja anko akabisha mlango.

Anko ni kaka yake mathe, dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, miaka mingi. Nilijua ametumwa. Aliangalia rigi, akavua viatu, akaketi bila kuulizwa. Nilikuwa nimefungua DiRT Rally 2.0. Nilitamani nimwonyeshe EA Sports WRC ya 2023, ambayo ina Safari Rally yetu, lakini kompyuta yangu inaikohoa. Nikamwekea barabara ya vumbi ya Argentina. Akagonga mwamba mara tatu, kisha akatulia, akaanza kuendesha polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akicheza. Hakugonga tena.

Akanipisha. Nikaonyesha vitu vyangu vyote. Akasema, "Mikono iko sawa. Lakini hii gari yako haina mtu barabarani."

Kesho yake akaja na Probox yake, tukaenda shamba la rafiki yake nje ya Kitengela, kwenye njia ya murram ya ndani. Mimi nilikuwa sijawahi kuendesha gari la kweli. Na manze, nilishangaa: klachi niliipata mara ya pili, gia zilikuwa kushoto pale pale, na nyuma ilipoteleza kidogo kwenye changarawe mikono iliirudisha kabla sijafikiria. Nilianza kuchekelea. Nikaongeza mafuta.

Mtoto alitoka nyuma ya ua akifuata mbuzi.

Nilimwona. Hilo ndilo linaloniuma, nilimwona vizuri kabisa, na mguu wangu ukabaki kwenye mafuta. Kwenye rigi nimefunga breki maelfu ya mara, lakini kila mara nilikuwa nimeipangia kona ninayoijua. Anko akavuta breki ya mkono, Probox ikageuka ubavu, injini ikazima. Mtoto alishamfikia mbuzi, wala hakugeuka kutuangalia.

Tulikaa pale kitambo. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka hadi nikaikalia. Anko hakupiga kelele. Alisema tu, "Mamako alinituma nikukanye kuhusu ile mashine."

"Na?"

"Nitamwambia kiti ni kizuri." Kisha akaongeza, "Lakini elfu 15 si zako."

Kwa hivyo nimeanza kumrudishia mathe, elfu mbili kila mwezi, na mwezi wa kwanza alinitumia ujumbe wa neno moja: imefika. Mambo ya kurudi chuo bado hatujaongea. Shule ya udereva nimejiandikisha, na mwalimu huko ananiambia naendesha kama mtu anayefukuzwa.

Rigi bado iko. Video ya vipimo vya fremu nitaiweka wiki hii, mpige picha skrini mpelekee fundi wenu. Anko anakuja tena Jumapili, nimempakulia Euro Truck Simulator 2. Nilipomwelezea kwamba ni malori ya Ulaya, barabara safi, mizigo halali, alinyamaza kidogo kwa simu, kisha akauliza kama huko kuna mizani.