Barua kutoka Birmingham: "Sorry" ya Mwingereza na Pole Yetu

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku barafu imeshika njia. Juzi mama mmoja jirani yangu aliteleza mlangoni kwake akiwa na trei ya mayai. Nikamkimbilia: "Sorry, sorry!" Akanikazia macho, ute wa yai ukimchuruzika kwenye koti, akauliza naomba msamaha wa nini wakati si mimi niliyemwangusha. Mimi nilimpa pole, yeye akasikia samahani. Imeniudhi, nikaona niwaandikie.

Asili ya neno "sorry" ingetupa haki sisi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", yaani mwenye maumivu au majonzi, na ni ndugu wa "sore", neno lao la mahali panapouma. Wengi hudhani limetoka kwenye "sorrow", huzuni. Hapana, shina ni jingine, yamekuja kufanana tu. Basi lilianza karibu kabisa na pole yetu, kisha likahamia kwenye kuomba radhi.

Siku hizi linatumika ovyo. Umemkanyaga mtu kwenye basi, anayesema "sorry" ni yeye aliyekanyagwa. Hakukusikia, "sorry?" Anataka kupita, "sorry". Treni ikichelewa, sauti iliyorekodiwa inawaomba radhi abiria waliogandia kituoni.

Ila ngojeni kosa liwe kubwa. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wao wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni kuzungumzia Wakenya walioteswa wakati wa Mau Mau. Serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Alisema inasikitika kwa dhati, na papo hapo akakana kwamba inawajibika kisheria. Mfalme Charles naye, Nairobi, tarehe 31 Oktoba 2023, alitaja huzuni kuu na majuto. Msamaha hakuomba. Hiyo ni pole, tena ya mtu aliyekuja msibani, wakati yeye ni wa nyumba iliyotenda. Kesho yake tu, Songea, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama mbele ya wajukuu wa waliouawa katika vita vya Maji Maji akaomba msamaha, akalitamka neno lenyewe.

Lakini na ninyi nyumbani nina neno nanyi. Mwingereza ana neno moja linalobeba mizigo miwili. Sisi tumejaliwa mawili, na tunajificha nyuma ya lile laini. Fundi amekukalia na kitambaa mpaka harusi imepita, anakwambia "pole dada". Pole ya nini? Nani kakuchelewesha? Karani kapoteza faili lako, "pole mzee". Baba kampiga mtoto kwa kosa lisilo lake, anamnunulia soda, yamekwisha. Pole inamfariji aliyeumia na kumwacha aliyeumiza bila jina. Ni neno zuri mno, nalililia huku kila mtu akipita kimya unapojikwaa, na ndiyo maana inaniuma kuliona linafanywa kichaka cha wakosaji.

Kwa vijana mnaokuja huku: mtu akianguka, muulize kama ameumia, ndiyo pole yao. Kwa mfiwa "sorry" inafaa, ila itaje na habari yenyewe, kwamba umesikitika kusikia mama yake amefariki. Usiposikia jambo usiseme "what", wataona umekosa adabu. Aliyekugonga akisema "sorry", nawe mrudishie, ndiyo desturi. Na ukimgonga mtu kwa gari usiogope kumwambia: sheria ya mwaka 2006 ya England na Wales inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa umekiri uzembe. Mkubwa wa kazini akikuandikia kwamba anasikitika kwa usumbufu, msome mara mbili uone kama amesema nani aliyekusumbua.

Na ninyi mliobaki, mafundi, makarani, wakubwa wa ofisi na sisi wazazi, nawaomba: aliyeanguka mpeni pole, na mliyemwangusha wenyewe mwambieni, "Nimekukosea, nisamehe."