UVIMBE WA TITI: ANZA SAFARI MAPEMA

Ndugu msomaji, twende pamoja Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara. Hii ni nchi ya milima na baridi. Mbulu utaona mashamba ya mahindi, maharage na vitunguu saumu. Hanang utaona mashamba ya ngano ya Basotu. Mlima Hanang umesimama juu ya mji wa Katesh. Urefu wake unapita mita 3,400.

Ukitoka mjini Mbulu unapita Dongobesh, kisha unafika Haydom. Ukitoka Katesh unapita Basotu, nawe unafika Haydom hiyo hiyo. Hapo pana hospitali kubwa ya Kilutheri, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei. Barabara nyingi za vijijini ni za udongo. Masika yakifika, magari hukwama kwenye tope. Mtu wa kijiji cha mbali aweza kumaliza siku nzima njiani.

Leo tunamfikiria msafiri mmoja wa njia hizi. Ni mama mwenye saratani ya titi, yaani kansa ya titi.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu. Wapatao 670,000 walikufa. Hapa Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa nini? Mara nyingi uvimbe wa kwanza hauumi. Mama anachota maji, anakamua ng'ombe, analima. Anasema, "Nitakwenda baada ya mavuno." Baada ya mavuno anauza mahindi alipe mahitaji ya shule. Miezi inapita, na uvimbe unakua.

DALILI ZA KUANGALIA

Mama, jikague kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha. Kama umekoma hedhi, chagua siku moja ya mwezi. Angalia mambo haya:

1. Uvimbe mgumu ndani ya titi au kwapani.
2. Ngozi ya titi kubonyea, au kuwa kama ganda la chungwa.
3. Chuchu kuingia ndani, au kutoa damu.
4. Kidonda cha titi kisichopona.
5. Titi moja kubadilika umbo au ukubwa.

Ukiona dalili moja, nenda zahanati wiki hiyo hiyo. Si kila uvimbe ni saratani. Lakini huwezi kujua kwa macho. Hospitali huchukua kipande kidogo cha uvimbe na kukipima. Wanaume nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache.

Saratani ya titi si laana wala uchawi. Haiambukizi. Unaweza kula na mgonjwa na kulala naye nyumba moja. Ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Matibabu ni upasuaji, dawa na mionzi. Wengine hupewa rufaa kwenda KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Ocean Road Dar es Salaam. Safari hizo ni ndefu kuliko ile ya Haydom, nazo huenda zikarudiwa mara nyingi.

ASIENDE PEKE YAKE

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliobaki walipokewa, wakapewa chakula, nguo na mahali pa kulala. Saratani huingia nyumbani kimya kimya. Jirani hasikii kishindo. Lakini nyumba hiyo nayo inahitaji watu.

Nyinyi jamaa na majirani, fanyeni hivi:

Mume, usimwambie mkeo angoje. Mpeleke hospitali mapema, wala msipoteze miezi kwa waganga wa kienyeji. Akikatwa titi, bado ni mkeo na mama wa watoto wako.

Majirani, changeni nauli. Mkamulieni ng'ombe. Mpalilieni shamba. Watoto wake wale kwenu mpaka arudi.

Vijana, mpelekeni bibi yenu. Wapo bibi wanaojua Kiiraqw au Kidatoga tu. Kaa naye mbele ya daktari, umtafsirie maneno yote, usiache hata moja. Gharama zikiwashinda, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Akirudi nyumbani, mtembeleeni. Msimnong'oneze wala kumkimbia. Mkumbusheni tarehe ya kurudi kliniki, maana wengine huacha matibabu nusu njia kwa kukosa nauli au kwa kukata tamaa.

Ndugu msomaji, umeweza kusoma habari hii. Wasomee mama yako, mkeo na dada zako jioni hii.